Lipiko na Binti Yangu

Desemba iliyopita nilikwenda likizo na familia yangu Msimbati, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji baharini. Binti yangu ana miaka 14. Utotoni alizipenda katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kurushwa na TBC mwaka 2014. Siku hizi mdogo wake wa miaka 6 akiziwasha, yeye huondoka sebuleni. "Baba, mimi si mtoto tena." Kauli hiyo ilinihuzunisha kuliko nilivyotarajia.

Jioni moja ngoma ikalia kijijini. Akatokea lipiko: uso wa mti, mwili umefunikwa nguo hata ngozi isionekane. Kwa desturi yetu Wamakonde, asiyepitia jando huambiwa kuwa huyo ni mzimu. Jandoni ndipo mvulana hufunuliwa kwamba ndani yumo mtu. Siri hiyo imekwisha kuandikwa vitabuni, hivyo siamini kwamba ninawakosea wazee.

Mwanangu mdogo alijificha nyuma ya dada yake. Binti alitabasamu, nikajua ameutambua mwendo wa mjomba wake. Nilisubiri aropoke. Hakuropoka. Alimshika mdogo wake mkono, akamwambia: "Usiogope, niko hapa," kisha wakasogea mbele pamoja.

Hapo nilijisahihisha. Nilikuwa nikijiuliza iwapo kijana bado huwafurahia wahusika wa utotoni mwake. Huwafurahia, ila kwa namna nyingine: si tena kama anayeamini, bali kama anayetunza imani ya mdogo wake. Wazee waliliandaa badiliko hilo kwa jando na unyago. Sisi tumewaachia vijana wetu njia moja tu, ya kuona haya.

Ndugu zangu, mwaka 2010 jumba la makumbusho la Barbier-Mueller la Geneva liliturudishia kinyago cha Kimakonde kilichoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini kinyago kilichomo kabatini hakimtishi mtoto yeyote, wala hakimpi dada yake nafasi ya kumshika mkono. Tukikitoa siku za mapokezi ya viongozi tu, tutakuwa tumeurudisha mti na kuipoteza ngoma.

Njiani kurudi mdogo aliuliza lipiko hulala wapi. Dada yake alinitazama, akajibu: "Msituni."