Uvinza: Mji wa Chumvi Kando ya Mto

Leo jioni utakapotia chumvi katika mboga, jiulize jambo moja. Zamani, kabla ya maduka na kabla ya reli, wazee wetu wa Unyamwezi walipata wapi chumvi? Sehemu kubwa ilitoka Uvinza. Twende pamoja tukauone mji huo.

Safari yetu

Tunapanda gari moshi hapa Tabora. Tunaelekea magharibi. Tunapita Urambo, Kaliua na Nguruka. Uvinza ipo kama kilometa 100 kabla ya kufika Kigoma.

Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1914 ilifika Kigoma. Kabla ya hapo watu walikwenda kwa miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi walibeba nguo na shanga kuja bara. Walirudi pwani na pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo hiyo, wamefungwa minyororo. Jambo hilo tusilisahau.

Kuvuka mto

Mto Malagarasi ni mkubwa. Misafara ilihitaji mitumbwi ya Wavinza ili kuvuka. Wenye mitumbwi walitaka walipwe nguo na shanga.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alivuka mto huu. Alikuwa anakwenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Punda wake mmoja alipokuwa akivushwa majini, mamba alimkamata. Punda akazama, hakuonekana tena.

Siku hizi magari hupita juu ya daraja. Daraja hilo linaitwa Daraja la Kikwete. Lilifunguliwa mwaka 2015.

Maji ya chumvi

Karibu na Uvinza, Mto Ruchugi unaingia katika Mto Malagarasi. Hapo zipo chemchemi. Maji yake si ya kunywa. Ni maji ya chumvi, yanatoka chini ya ardhi.

Wataalamu wa mambo ya kale walichimba mahali hapo. Walikuta vigae vya vyungu vya zamani sana. Vigae hivyo vinaonyesha kwamba watu wamepika chumvi Uvinza kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kazi hiyo ilifanywa kiangazi. Wakati wa masika mto hufurika, na maji ya mvua huchanganyika na maji ya chumvi. Tena masika ni wakati wa kulima. Lakini mavuno yakiisha, watu walikuja kutoka mbali. Walikuja Waha, Wanyamwezi, Watongwe na wengine. Walijenga vibanda. Walichota maji ya chumvi na kuyachemsha katika vyungu mpaka yakakauka. Chumvi ikabaki chini ya chungu.

Chemchemi zilikuwa za Wavinza. Hata hivyo mgeni hakufukuzwa. Alitoa sehemu ya chumvi yake kwa watawala wa Wavinza, naye akaruhusiwa kufanya kazi. Kwa utaratibu huo watu wa makabila mengi walikaa mahali pamoja na kila mmoja akapata. Chumvi hiyo ilifika mpaka masoko ya Ujiji na Tabora.

Kinachopungua ni nini?

Sasa, ndugu msomaji, fikiri. Kuchemsha maji mpaka yakauke kunataka moto wa muda mrefu. Moto unataka kuni. Wakati wa Wajerumani kampuni moja ilianzisha kiwanda cha chumvi hapo Uvinza. Kazi ikawa kubwa zaidi.

Chemchemi zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Lakini mti mmoja mkubwa hukatwa kwa asubuhi moja, na mwingine huchukua miaka mingi kukua. Kwa hiyo kinachopungua mapema si chumvi. Ni kuni.

Nilipoliona jambo hili Uvinza, nilikumbuka kwetu Tabora. Sisi hatuchemshi chumvi. Sisi tunakausha tumbaku. Bani nalo linataka kuni nyingi kila msimu.

Kosa langu

Mimi ni bwana shamba. Mwaka mmoja nilipeleka miche ya miti katika kijiji kimoja cha wakulima wa tumbaku. Niliipeleka mwezi wa nne, mvua zikiwa zinakwisha. Niliigawa, nikaandika katika taarifa kwamba miti imepandwa. Sikurudi kuitazama.

Kiangazi nilipita kijijini hapo kwa kazi nyingine. Mama mmoja mzee aliniita. Nikamwamkia, akaitikia. Akanipeleka shambani kwake. Akasema, "Bwana shamba, miti yako ndiyo hii." Nikaona safu ya vijiti vikavu. Akasema tena, "Ulileta miche, hukuleta mvua. Na mwenyewe hukurudi."

Niliona haya. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Mwaka uliofuata tulitengeneza kitalu pale pale kijijini. Tulipanda miche mwezi wa kumi na mbili. Yule mama alichagua mahali pa kitalu. Safari hii nilirudi mara kwa mara. Mingine ilikufa, lakini mingi ilishika.

Tufanye nini?

Panda miti mvua zinapoanza, si zinapokwisha. Palilia miche kama unavyopalilia mahindi. Linda kisiki cha mti wa miombo, kwa sababu huchipua tena. Usichome moto msitu. Usilime kando kabisa ya mto. Sheria inataka tuache mita 60. Udongo wa ukingoni ukichukuliwa na maji, mto hujaa mchanga.

Wavinza wa zamani walikuwa na utaratibu juu ya chumvi yao. Aliyechukua alitoa sehemu. Sisi tunachukua kuni msituni kila siku. Je, ndugu msomaji, sehemu ya msitu tumeitoa?

Lijadilini swali hilo katika mkutano wa kijiji chenu, kabla mvua hazijaanza.