Sura ya Nne Haikuwa Yangu

Sura ya nne ya ripoti ya utafiti iliyonipa A mwaka wa mwisho chuoni sikuiandika mimi. Niliilipia. Nilimpelekea kijana mmoja wa steshenari data zangu, nikamkatia sehemu ya bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, naye akanirudishia majedwali, grafu na aya za maelezo. Nilichofanya ni kubadili aina ya mwandiko na kuzibandika mahali pake. Msimamizi wangu aliniuliza kama ninauelewa uchambuzi ule. Nikajibu ndiyo, na uongo huo ni wangu peke yangu.

Lakini nisijifanye kwamba niliteleza siku ile tu. Safari ya kwenda steshenari niliianza sekondari. Nilisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Wenzetu wa PCM walikuwa na Hisabati kamili, sisi tukawa na BAM, hisabati tumizi ya msingi, nayo niliipita kwa kukwaruza. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilifungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) nikiwa na kigezo kimoja kichwani: kozi isiyo na hesabu. Ndivyo nilivyoiangukia Biolojia. Nyumbani nilisema ninapenda viumbe hai. Kweli nilivipenda, ila kilichonipeleka kule ni hofu ya namba.

Chuoni hofu ile ikapata jina zuri: kulinda GPA. Kila muhula wa kuchagua kozi za hiari ulipofika, sikusoma maelezo ya kozi wala sikuuliza inafungua mlango gani mbele. Niliwauliza waliotutangulia swali moja: ipi inatoa A? Takwimu za Biolojia ilikuwa kozi ya hiari mwaka wa pili. Wakasema ile ni ya sapu, ya kurudia mtihani. Nikaikimbia, nikachukua nyingine ambayo mitihani yake ya nyuma ilijirudia karibu neno kwa neno.

Baadaye sana ndipo nilipokaa kupiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kukimbia. Shahada ya miaka mitatu kwetu Tanzania haipungui krediti 360. Kozi yenye krediti 12 ni sehemu moja tu ya thelathini ya shahada nzima. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Kwa hiyo ukipata B badala ya A katika kozi hiyo, GPA yako ya mwisho inashuka kwa takriban 0.07. Ukiambulia C, inashuka kwa 0.1. Mimi nilimaliza na 3.9. Hata kama Takwimu ingenipa C, ningetoka na 3.8, na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Cheti changu kingebaki na daraja lilelile. Niliuza kozi niliyoihitaji kuliko zote kwa 0.1.

Gharama yenyewe ilionekana kwenye utafiti. Nilikuwa nimehesabu viluwiluwi vya mbu katika vidimbwi vya aina mbili, vya kando ya majaruba ya mpunga na vya katikati ya makazi ya watu, nikitaka kujua wapi wanazaliana zaidi. Kazi ya shambani niliifanya mwenyewe, kwa jasho na matope, na mpaka leo najivunia. Kijana wa steshenari alichukua wastani wa kila upande, akaulinganisha kwa jaribio la t, akaandika kwamba tofauti ni kubwa na haikutokana na bahati.

Mbu hawahesabiki hivyo. Chukua mfano wa vidimbwi kumi: vinane vina kiluwiluwi kimoja kimoja, kimoja kina 12, na kimoja kina 180. Jumla ni 200, wastani ni 20, na hakuna kidimbwi hata kimoja kati ya vile vinane chenye idadi inayokaribia 20. Kidimbwi kimoja kimeubeba wastani wote. Data za namna hii, zenye namba ndogo nyingi na vilele vichache, zina njia zake za kuchambuliwa, na kozi niliyoikimbia ndiyo iliyozifundisha. Jaribio la t lenyewe halina kosa. Aliyelibuni, William Gosset, alikuwa mkemia katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, akalichapisha mwaka 1908 kwa sababu kazi yake ilimlazimu kuamua mambo kwa sampuli ndogo. Alikuwa mtu wa sayansi aliyezifuata namba kwa kuwa sayansi yake ilizidai. Mimi nilidhani ninaweza kuwa mtu wa sayansi na nikamwachia mwingine namba.

Niliumbuka kwenye usaili wa kazi ya utafiti. Msaili alikuwa na ripoti yangu mezani. Akaniuliza kwa upole: kwa nini ulichagua jaribio hili? Nikasema ndilo linalotumika. Akauliza data zilikaaje kabla ya kuzichambua. Nikanyamaza. Hakunifokea. Alifunga ripoti, akaniuliza maswali mawili ya heshima kuhusu mbu, akanishukuru. Kazi sikuipata, na sikustahili kuipata.

Baada ya hapo nilijifunza takwimu ukubwani, usiku, kwa programu ya R ambayo haiuzwi. Nilipoweza kidogo, nilizirudia data zangu zilezile. Tofauti kubwa iliyoandikwa kwenye sura ya nne haikuwepo. Ukiviondoa vidimbwi viwili vya majaruba, pande zote mbili zinakaribia kulingana. Hitimisho lililonipa A halikuwa na miguu.

Hapa ndipo maungamo yananiuma zaidi. Chuoni nilikuwa maarufu kwa kushauri. Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza walikuja chumbani, kaka tuelekeze, nami nikawapa orodha ya kozi za kuchukua na za kukwepa. Takwimu ilikuwa ya kwanza upande wa kukwepa. Walipofika mwaka wa mwisho niliwapa pia namba ya kijana wa steshenari. Mmoja wao aliujenga utafiti wake juu ya hitimisho langu. Nimeshamtafuta nikamweleza. Wengine sijui walipo, na kama mmoja wao anasoma hapa, ninamwomba radhi: nilikushauri vibaya kwa kujiamini.

Sasa nishauri upya, safari hii kwa bei niliyolipa. Wewe uliyemaliza kidato cha sita, usichague shahada kwa kile isichokuwa nacho. Biolojia, Kilimo, Jiolojia, Afya ya Jamii, zote zitakudai hesabu, kama si mwaka wa kwanza basi siku ya utafiti. Kabla ya kujaza maombi, tafuta orodha ya kozi za miaka yote mitatu au minne, usome mpaka ukurasa wa mwisho.

Wewe uliye chuoni, kila kozi ya hiari iulize maswali mawili: inafungua nini mwaka ujao, na nikiifanya vibaya itanigharimu kiasi gani? Gharama hiyo ipigie hesabu kwa krediti, usiikadirie kwa uvumi wa bweni. Na ukikwama kwenye uchambuzi wa data, nenda kwa msimamizi wako umwambie hujui. Aibu ya kusema hivyo itaisha ofisini mwake. Ukilipa ufanyiwe, swali ulilolikwepa litakungoja kwenye usaili, na kijana wa steshenari hatakuwepo kukujibia.