Kwa Wagenia, Karibu na Kisangani

Ndugu wasomaji wa mashimoni, nyinyi munajua ugomvi wa mahali: nani achimbe hapa, nani aondoke. Siku mukifika Kisangani, muende kwa Wagenia, muone jinsi watu wa mto wanavyolitengeneza jambo hilo.

Toka Ubundu mto Kongo unaanguka mara 7, karibu kilometa 100 za mawe na povu. Ndiyo maana wakubwa wa zamani walijenga reli ya kilometa 125, iliyomalizika 1906: mashua haiwezi kupita. Maporomoko hayo tunayaita Boyoma. Zamani yaliitwa Stanley Falls, kwa jina la Mwingereza aliyepita hapo 1877. Wagenia wanavua kwenye lile la mwisho, jirani na mji.

Wanasimamisha miti minene ndani ya mashimo ya mawe, wanaifunga kwa kamba za msituni, bila musumari hata moja. Kwenye miti wananing'iniza mitego kama vikapu virefu, mdomo mpana, mkia mwembamba. Maji yenyewe ndiyo yanasukuma samaki ndani, na kwa nguvu ile hawezi kurudi. Vijana wanapanda juu ya miti kuvuta mitego, maji yakinguruma chini yao. Mimi nilitazama kwa ngambo tu, na hiyo ilinitosha!

Sasa, mahali pale ni pa nani? Katiba ya 2006, kifungu cha 9, inaweka maji, udongo na misitu chini ya mamlaka ya Serikali. Lakini kwenye maporomoko kila jamaa iko na nafasi yake, mtoto anairizi toka kwa baba. Mzee mmoja aliniambia: «Karatasi hatuna. Miti yetu ndiyo karatasi.» Nami naona ana haki, maana mafuriko yakibeba miti, ni wao wanaoingia tena ndani ya maji kuisimamisha. Chini zaidi, maji yakitulia, mvuvi mwingine anatupa wavu toka mtumbwini mwake.

Mgeni anaombwa franga kidogo kwa kutazama. Wengine wananung'unika, eti mto ni wa Mungu. Mto ndiyo, lakini miti je? Mupatane bei mbele ya kushuka, kisha muombe mtumbwi. Wagenia wanapiga kasia wakiwa wamesimama, wanaimba, na kabla hamujamaliza kuogopa mumeshafika ngambo, ambako akina mama wanangoja samaki.