Ufupi wa Mwanangu Haukuwa Ugonjwa

Ukifika nyumbani kwangu hapa Bulapesa, mjini Isiolo, utaona alama za makaa kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Kila Desemba nilikuwa nikimsimamisha kifunguamimba wangu pale nimpime kimo. Alama hizo zimesongamana kama mistari ya daftari. Ya mwisho ni ya futi 5 na inchi 4, na tangu hapo hakuna iliyopanda juu yake.

Nakuandikia wewe mzazi ambaye mtoto wako ana kipaji, lakini watu wamekwisha kukuambia kwamba hana mwili. Nami niliambiwa hivyo, nikasadiki, na kwa kusadiki huko nusura nimharibie mtoto maisha yake.

Mwanangu alijiunga na shule ya upili Januari 2020, akaupenda mpira wa magongo. Akataka kuwa beki. Wenzake wakambandika jina la Njiti. Mwalimu wa michezo alimtazama, akatabasamu, akamwambia kuwa beki ni ukuta, na ukuta haujengwi kwa tofali moja. Akamweka benchi.

Mimi nikaliona jambo hilo kama maradhi ya kutafutiwa dawa. Kazi yangu ni kuuza maziwa ya ngamia, yale tunayoyapakia kwenye basi kuyapeleka Eastleigh, Nairobi. Nikawa namtengea jagi zima asubuhi na jingine jioni. Nikaongeza mayai na ndizi. Kijana akanawiri mashavu, lakini kimo kikagoma. Wala sikujiuliza angeurithi wapi urefu, ilhali mimi na marehemu baba yake sote tulikuwa watu wa kuning'inia tukitaka kufikia rafu ya juu.

Machi mwaka huo shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Kaka yangu, aliyekuwa amepoteza kazi Nairobi, akarudi nyumbani. Ujanani mwake alicheza magongo. Jioni moja alinikuta nikimhimiza kijana amalize jagi la pili, akaangua kicheko.

"Dada, huyu unamnonesha kwa ajili ya Idi?" akaniuliza. "Magongo huchezwa chini. Mrefu ndiye anayelazimika kuinama."

Kesho yake akaanza kazi. Kwanza alilichukua gongo la mpwa wake, lililokuwa la mtu mzima na likimfika kifuani, akalikata kwa msumeno upande wa mshikio, akaufunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Gongo, alinieleza, linafaa limfike mtu nyonga. Kumbe mtoto alikuwa akilaumiwa kwa uzito wa kifaa kisichokuwa kipimo chake!

Kisha akamfundisha maana ya ubeki. Katika magongo, msomaji, bao la wazi halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira ndani ya lile duara lililo mbele ya lango. Kwa hivyo kazi ya beki si kumwangusha mtu. Kazi yake ni kumchelewesha na kumsukumiza pembeni, mpaka mstari wa kando ugeuke kuwa beki wa pili. Tena gongo lina uso mmoja tu bapa unaoruhusiwa kuchezea. Mshambuliaji akilazimishwa kwenda kushoto kwake, inambidi aligeuze gongo, na hapo ndipo mkono wake unapolegea. Naye beki mwenye pupa akicheza rafu ndani ya duara, wapinzani hupewa kona ya adhabu, na wanaoruhusiwa kuizuia ni kipa na wenzake wanne tu. Waliobaki hungoja katikati ya uwanja.

"Nguvu huwapa wenzako kona," mjomba alimwambia. "Subira huwapa kazi ya bure."

Mazoezi yalikuwa kwenye uwanja wa vumbi, mpira ukiruka juu ya kokoto kama panzi. Kijana alirudi nyuma kwa hatua fupi fupi, gongo likiwa chini, akihesabu hadi 10 kabla ya kuugusa mpira. Hata mimi niliitwa, leso kiunoni, nikafanywa mshambuliaji. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Jioni, mjomba alisimulia habari za Avtar Singh Sohal, mzaliwa wa Nairobi, beki aliyeichezea Kenya katika Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Rome 1960 hadi Munich 1972, na akawa nahodha. Mwaka 1971, Kombe la Dunia la magongo lilipochezwa kwa mara ya kwanza, kule Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Na kwa kijana aliyependa kandanda, alimkumbusha Fabio Cannavaro wa Italia, beki wa kati asiyefika futi 6, aliyelinyanyua Kombe la Dunia mwaka 2006.

Sasa nikufikishe kwenye aibu yangu. Mwaka 2022 michezo ya shule ilirejea. Mwanangu alikuwa na miaka 17, Kidato cha Tatu, akicheza dakika chache chache. Siku moja akaja mtu kutoka shule nyingine. Akanywa chai yangu, kisha akasema, "Mama, ufupi huu ni mali. Nani atabisha ukisema ana miaka 15? Tutapata cheti kingine cha kuzaliwa, arudi Kidato cha Pili shuleni kwetu, wala hutalipa karo."

Usinihukumu upesi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikuwa umeteketeza mifugo ya kwetu. Maziwa yalikuwa yamepungua na deni la karo lilininyima usingizi. Nilimwambia mgeni aje Ijumaa. Moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali.

Usiku mwanangu akaja jikoni, akasimama pale pale penye alama za makaa. Akaniuliza, "Mama, wakiniuliza mwaka niliozaliwa nawe umesimama hapo, nitaje upi?"

Sikuwa na jibu. Ijumaa nilimrudisha mgeni mikono mitupu, nikauza mbuzi wawili waliosalia. Shoga zangu waliniita mjinga.

Mwaka uliofuata, mwalimu yule yule alimwingiza uwanjani baada ya beki wake mrefu kuumia, na hakumtoa tena. Mwaka 2024 akaenda Nairobi kujaribiwa na timu. Huko alikanyaga nyasi bandia kwa mara ya kwanza, mpira ukiteleza kama juu ya kioo. Siku ya kwanza alipitwa mara nne. Alinipigia simu akilia. Mjomba akachukua simu, akasema maneno machache tu: "Mpira ni mwepesi zaidi, basi anza kurudi nyuma mapema zaidi."

Wakamweka. Na unajua walichodai kabla ya kumpa jezi? Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na cheti cha Kidato cha Nne. Hapa kwetu magongo hayana mishahara ya kandanda. Timu kubwa huegemea taasisi, kama vile Polisi, kiwanda cha sukari cha Butali au chuo kikuu, na malipo ya mchezaji mara nyingi ni ajira au karo. Penye ajira, karatasi husomwa. Tarehe zisipolingana, kipaji huzikwa papo hapo.

Mpaka leo mwanangu ni wa akiba. Huenda akaitwa kikosi cha kwanza, huenda asiitwe. Lakini akipita mlangoni hainamishi kichwa, wala si kwa kuwa ni mfupi.

Mzazi mwenzangu, kabla ya kumtafutia mwanao dawa ya kurefuka, litazame kwanza gongo alilolishika. Mtafutie mtu wa kumfunza alicho nacho, badala ya kumlilia alichokosa. Na akija mgeni wa kukusaidia kumpunguzia mwanao miaka, mpe chai, kisha mwonyeshe njia. Kimo Mungu ndiye mgawaji. Jina safi ni kazi yetu sisi wazazi.