Atakuwa, Angekuwa, Angalikuwa

Wanasarufi wetu wametufundisha kwamba baina ya -ta-, -nge- na -ngali- mna masafa. Atakuwa ni ahadi, angekuwa ni sharti, na angalikuwa ni majuto, kwa maana jambo limekwisha kupita wala halirudi. Nilijifunza hayo chuoni kama wanavyojifunza wengine, nikayajibia mtihani, nikayaweka. Maana yake hasa niliipata mbali sana na Unguja, katika mji wa Melbourne, Australia, nilikokwenda kusoma, na walionifunza hawakuwa wanasarufi bali ni mashabiki wa mpira waliokuwa wakimjadili kijana mmoja aliyesajiliwa hivi punde.

Mpira wenyewe si huu wetu. Huchezwa na watu kumi na wanane kila upande, katika uwanja wenye umbo la yai, na mpira nao una umbo la yai. Kila upande wa goli husimamishwa nguzo nne. Anayeupiga mpira kwa mguu ukapita baina ya zile nguzo mbili ndefu za katikati hupata alama sita, na ukipita pembeni mwake hupata alama moja. Anayeudaka mpira uliopigwa kutoka umbali wa mita kumi na tano au zaidi, kabla haujagusa chini wala kuguswa na mtu, huachiwa nafasi ya kupiga bila ya kusumbuliwa. Kwa hiyo mshambuliaji wao ni mtu wa kuruka na kudaka. Hukaa karibu na nguzo akingoja mpira utoke mbali, kisha huruka juu ya mabega ya wenzake, na yakimnyookea, uwanja mzima husimama.

Vijana hawa hawanunuliwi kama wanunuliwavyo wachezaji wa Ulaya. Kila mwisho wa msimu timu hupanga foleni, na iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchagua miongoni mwa vijana wa nchi nzima, wengi wao wakiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Mwaka 2008 iliyoshika mkia ilikuwa Melbourne, klabu kongwe kuliko zote, ambayo watu wake ndio walioandika kanuni za kwanza za mchezo huo mwaka 1859. Klabu hiyo ilikuwa na mataji kumi na mawili, lakini la mwisho lilikuwa la mwaka 1964. Mwaka uliofuata ilimfukuza kocha wake mashuhuri, Norm Smith, kisha ikamrejesha baada ya siku chache, na tangu hapo watu wakasema klabu imelaaniwa. Msimu wa 2008 ilishinda mechi tatu tu katika ishirini na mbili.

Aliyechaguliwa kwanza mwaka ule ni Jack Watts, mshambuliaji wa miaka kumi na saba, mrefu wa karibu mita mbili, mwenye miguu ya mkimbiaji na mikono iliyozoea mpira wa kikapu. Nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja aliyekuwa shabiki wa klabu hiyo tangu utotoni, na sebuleni kwake kila Jumapili walikuja watu wanne watano, kila mmoja na chupa yake, nami na chai yangu. Hapo ndipo nilipolisikia neno atakuwa likisemwa kwa namna nisiyopata kuisikia. Atakuwa nguzo ya klabu kwa miaka kumi na tano. Atakuwa nahodha. Mmoja alisema mikono yake ni laini mno kwa mchezo wa wanaume, mwingine akamjibu kwamba mikono laini ndiyo hasa inayodaka. Wakashindana kuhusu mabega yake, mwendo wake, malezi yake ya shule ya kitajiri, hata tabasamu lake pichani. Kijana mwenyewe alikuwa bado hajagusa mpira katika mechi hata moja ya ligi kuu.

Alipougusa, ilikuwa tarehe 8 Juni 2009, siku ya mapumziko ya kuzaliwa kwa Malkia, mbele ya Collingwood, hasimu wa jadi, katika ule uwanja mkubwa wa kriketi wa Melbourne. Alikuwa na miaka kumi na minane, na bado mwanafunzi wa darasa la mwisho wa sekondari. Mara tu alipoupata mpira, wachezaji kadhaa wa Collingwood walimvamia kwa pamoja wakamlaza chini. Lilikuwa jambo la halali katika mchezo, tena la kawaida, lakini kila aliyekuwapo alifahamu kwamba aliyeangushwa pale si mchezaji tu. Lililoangushwa ni lile atakuwa. Mashabiki wa Collingwood walishangilia kama waliofunga goli, na mwenyeji wangu aliyekaa kando yangu alitazama chini akasema kwa sauti ndogo kwamba walimtoa mapema mno.

Kuanzia hapo, polepole, sarufi ya sebuleni ikabadilika. Angekuwa na mwili mzito zaidi. Angekuwa na hasira kidogo. Angekuwa na kocha mmoja tu. Hili la mwisho lilikuwa na haki yake. Katika miaka tisa aliyoitumikia Melbourne alipita mikononi mwa makocha wakuu wanne, bila ya kuwahesabu wa muda. Mmoja alimweka mbele, mwingine akamrudisha nyuma kulinda, kisha akatolewa pembeni, kisha mbele tena. Tarehe 30 Julai 2011 Melbourne ilifungwa na Geelong kwa tofauti ya alama 186, na kocha wa kwanza wa kijana huyu akaondolewa. Katika timu inayofungwa namna hiyo, mshambuliaji hufanana na mvuvi aliyetega mtego mahali pasipopita samaki. Hata angekuwa hodari wa kiasi gani, hadaki mpira usiopigwa kuja kwake.

Ndiyo maana kumpima mshambuliaji mchanga ni kazi ngumu kuliko kumpima mchezaji mwingine yeyote wa mchezo ule. Kiungo huufuata mpira ulipo, na siku ya kwanza tu utamwona kama ana moyo. Mshambuliaji hungoja. Kazi yake inategemea macho na miguu ya wenziwe walio mbali naye, na miili ya warefu huchukua miaka kukomaa. Mwaka 2004 vijana wengine wanne walichaguliwa kabla Hawthorn haijamchukua Lance Franklin katika nafasi ya tano, na Franklin huyo, mwezi Machi 2022, akafikisha magoli elfu moja, watu wakamiminika uwanjani kwa maelfu kumzunguka. Waliompita mwaka 2004 hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wakisoma kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa hazijaandikwa.

Kisha likaja angalikuwa, nalo ni baya kuliko yote, kwa sababu halina mwisho. Mwaka ule wa 2008, chaguo la pili lilikuwa Nic Naitanui, kijana mwenye asili ya Fiji, mrefu zaidi, mwenye kuruka kama aliyevutwa na kamba kutoka juu. Alikuwa mchezaji wa West Coast hadi alipostaafu mwaka 2023, na mara tatu alitiwa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima. Basi kila Watts alipokosa goli, sebuleni lilitajwa jina la Naitanui. Tungalimchukua yule, tungalikuwa wapi leo? Hakuna aliyejibu, maana swali hilo halijibiki. Naye Naitanui hakupata taji. West Coast ilipolitwaa mwaka 2018, yeye alikuwa nje kwa jeraha la goti. Hata aliyekuwa ndiye angalikuwa wa wengine, alikuwa na angalikuwa yake.

Nilichukua muda kufahamu walichokuwa wakijadili wazee wale. Mwenyeji wangu alikuwa na miaka kumi na miwili mwaka 1964. Baba yake alimpeleka uwanjani akaliona taji, kisha baba akafa bila ya kuliona jingine. Alipomtazama Jack Watts akikimbia, hakuwa akimwona mtoto wa watu mwenye mitihani wiki ijayo. Alikuwa akiliona deni la miaka arubaini na mitano, na amepatikana wa kulilipa. Mjadala wa mabega na mikono ulikuwa juu tu. Chini yake walikuwa wakiulizana: je, tutaliona kabla hatujafa? Swali hilo lina heshima yake, nami sithubutu kulicheka. Lakini ni swali la mtu mzima, na haikuwa haki kumtwika kijana wa miaka kumi na minane ambaye hata hakulisikia likiulizwa.

Msomaji wa kwetu asidhani nasimulia mambo ya Wazungu. Baraza zetu zinaijua sarufi hii vilevile. Pale Jaws Corner, juu ya kahawa, nimewasikia watu wakimjadili mshambuliaji mpya wa Yanga au wa Simba kwa maneno yaleyale, na kabla ya mwezi kuandama wamekwisha kumzika. Hilo tulisamehe, ni mpira. Zito zaidi ni lile tunalowafanyia watoto wetu wenye vipawa. Mtaani kwetu alikuwako kijana aliyetunga shairi akiwa na miaka kumi na tatu, mizani zimetimia na vina vimelala kitandani. Wazee walilia. Wakasema huyu atakuwa Muyaka wa pili. Kila harusi akaitwa, kila mgeni akaletewa asomewe. Alipofika miaka kumi na sita alianza kuandika mashairi mabaya, kama inavyompasa kila mshairi wa miaka kumi na sita, na watu wakatazamana. Aliacha. Leo ana duka la vifaa vya umeme, ana watoto, ana afya, na ukimtajia ushairi hubadilisha mazungumzo kwa adabu. Simwiti aliyepotea. Ninalosema ni kwamba hatukumwachia nafasi ya kuwa mshairi wa kawaida, aliye mzuri leo na mbaya kesho, akikua kimyakimya.

Kimya hicho kina faida ambayo wapenzi wa mpira ule wamekwisha kuiona. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kule kaskazini mwa Kenya, katika kambi ya wakimbizi, kwa wazazi wa Sudan Kusini, akapelekwa Australia akiwa mtoto. Mwaka 2013 timu ya Sydney ilimchagua katika nafasi ya 44. Chaguo la 44 halipigiwi ngoma. Hakucheza mechi ya ligi kuu hadi mwaka 2016, na mwaka 2021, akiwa amehamia Port Adelaide, mlinzi huyu aliingia katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi. Sidai kwamba njia yake ilikuwa nyepesi, aliyezaliwa kambini hana njia nyepesi. Nasema tu kwamba alipewa miaka.

Na Watts? Msimu wa 2016 alifunga magoli 38, mengi kuliko msimu wake mwingine wowote. Mwezi Juni 2017, katika sikukuu ileile na mbele ya Collingwood ileile, alifunga goli katika dakika za mwisho lililoipa Melbourne ushindi wa alama nne. Nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, lakini mwenyeji wangu aliniandikia usiku uleule, barua ya mistari miwili, ya furaha tupu. Miezi minne baadaye klabu ilimwachia kijana aende Port Adelaide. Mapema mwaka 2019 alivunjika mguu, na kabla mwaka haujaisha akastaafu, akiwa na miaka ishirini na minane. Taji la Melbourne likaja Septemba 2021, katika fainali iliyochezwa Perth kwa sababu ya maradhi ya korona, na mji wa Melbourne wenyewe umefungwa, kila mtu ndani kwake. Deni likalipwa, na waliolilipa ni wengine. Mzee wangu alitazama peke yake sebuleni. Aliniandikia kwamba alilia, kwamba alimkumbuka baba yake, na kwamba angalipenda yule kijana naye awemo.

Hadi leo wapo wanaomtaja Jack Watts kama mfano wa tumaini lililovunjika. Mimi naona wanamhesabu kwa viambishi vya kwao. Yeye alicheza michezo 153 kwa Melbourne na zaidi ya ishirini kwa Port Adelaide, katika ligi ambayo vijana wengi wanaosajiliwa hawaifikii michezo hamsini. Alidaka, alikosa, alifunga, aliumia, aliondoka. Hicho kiambishi cha -li- ni kifupi, wala hakina mapambo, lakini ndicho pekee kilicho mali yake. Vile vingine vyote vilikuwa vyetu sisi tuliokaa tukimtazama.

Mtoto wa mtu akitunga ubeti mzuri, basi, na tumwambie ametunga ubeti mzuri. Kesho tumuulize ametunga nini tena. Hayo yanamtosha, na safari iliyobaki ni yake.