Gachoka, Nchi Kavu Iliyo Jirani Yetu

Alhamdulillahi, tumerejea salama kutoka Gachoka, katika nchi ya Wambeere, Kaunti ya Embu. Sisi tuliozoea upepo wa kusi tulidhani kila palipo karibu na Mlima Kenya ni baridi na majani chai. La. Ukiteremka kutoka mji wa Embu kuelekea Kiritiri, kahawa na migomba hubaki nyuma, migunga ikaanza, na jua likawa kali kama la kwetu.

Mvua huko ni haba. Kwa hivyo wakulima hupanda vinavyostahimili ukame: mtama, kunde na pojo, ambazo wao huziita ndengu. Nasi majumbani mwetu pojo hizo huzitia tui la nazi.

Kusini mwa nchi hiyo kavu unapita mto Tana, nao umejengewa mabwawa matano ya umeme: la Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga, na la Kiambere mwaka 1988. Maji yakitoka hapo hupita Garissa, yakaingia baharini Kipini, jirani na Witu, ile dola ndogo ya Manabahani ambayo Wajerumani waliwaachia Waingereza mwaka 1890. Basi Gachoka na pwani ni majirani wa mto mmoja, na afanyalo wa juu humfika wa chini.

Yako pia majani yatufikayo kutoka huko, nayo ni muguka. Mwezi wa Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku. Mahakama Kuu ya Embu ikasitisha amri hizo. Nyumbani tumewaona vijana wetu wakikesha wakiutafuna, wakaacha masomo na swala. Hatukuficha kwamba tulikwenda na uchungu moyoni.

Mama mmoja alitukaribisha kivulini, akatupa maji kabla ya kutuuliza habari. Tulipomweleza yanayotusibu, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mama zangu, mahindi yangu yamekauka misimu miwili. Mti huu haukauki. Karo ya watoto wangu imetoka humu." Akauliza watoto wetu wana umri gani. Tulipomjibu, aliinamisha kichwa.

Hatukukubaliana. Bado twaamini kwamba kinachomharibu mtoto hakiwi halali kwa sababu kinamsomesha mwingine. Lakini tuliondoka tukijua kwamba marufuku peke yake haitoshi, maadamu mkulima huyo hana zao jingine la kumpa chakula mwaka wa kiangazi, na vijana wetu hawana kazi ya kuwaamsha asubuhi.

Alitufungia pojo kwenye khanga. Tumezipika Ijumaa, tukamuombea yeye na wanawe, na wetu pia. Mwenyezi Mungu awahifadhi wote, wa juu ya mto na wa chini yake. Amin.