Jina la Kadi ya Kliniki

Mwaka 1980, wakati wa masika, mdogo wangu alizaliwa juu ya feri ya Kilifi. Tulikuwa tukirudi nyumbani Tezo kutoka matangani Takaungu, na foleni upande wa Mnarani ilikuwa ndefu. Wanawake walivua leso za mabegani wakamzungushia mama. Mtoto alilia kabla hatujafika ng'ambo, na utingo wa basi akapaza sauti: huyo ni Feri!

Kwa mila yetu Wagiriama, kifungua mimba wa kiume hubeba jina la tsawe, babu mzaa baba, naye alipewa. Lakini mama angemwitaje? Mkwewe hakumtaja kwa jina hata siku moja, sembuse kulipigia ukelele jina lake mtoto akichezea majivu. Nyumbani akawa Feri. Na nesi alipouliza jina la kuandika kwenye kadi, mama akataja lile aliloweza kulitamka.

Baba, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, hakuitazama kadi ile mpaka 1994, shule ilipotaka majina ya KCPE. Alifoka. Daraja lilishafunguliwa tangu 1991, feri zimeondoka, halafu mwanawe achukue kitambulisho kwa jina la chombo! Hawe, bibi yetu, alikuwa akibangua korosho za kuchoma, vidole vyeusi tititi. Bila kuinua macho akamuuliza majirani zetu Safari na Nzala waliyatoa wapi majina yao, kama si njiani na kwenye njaa.

Baba akamgeukia tsawe, akitarajia huko ndiko atakakopata mtetezi.

"Mimi sijafa," tsawe akasema. "Jina langu bado nalitumia."

Basi fomu ikajazwa: Feri kwanza, la tsawe likafuata, la baba mwisho.

Mimi nilikuwa upande wa baba, na sijahama. Mzee alisema vizuri, ila si yeye aliyesimama madirishani miaka yote hii. Karani wa benki moja aliwahi kumwambia mdogo wangu, "Nimekuuliza jina, si unakofanya kazi."

Mwaka jana mwanawe wa kwanza alipata mtoto wa kiume, na kwa zamu ya majina yetu mtoto huyo ni Feri. Mkaza mwana hathubutu kulitamka, ni la mkwewe. Anamwita Bosi. Nimemwambia kijana: kliniki nenda mwenyewe na hiyo kadi.